Bi Sekela na Pori Aliloliacha Jeupe

Tarehe 14 Agosti 2025 Bi Sekela Mwaipasi, Ofisa Mipango Miji Mwandamizi wa halmashauri yetu, ametimiza umri wa miaka sitini na kustaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya kuitumikia idara moja kwa miaka thelathini na tano, mwezi mmoja na siku kumi na tatu. Hizo siku kumi na tatu kazihesabu mwenyewe. Katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu niliandika "zaidi ya miaka thelathini", akanirudishia karatasi ikiwa na mstari wa kijani chini ya neno "zaidi" na alama ya kuuliza pembeni. Basi nimerekebisha.

Wapo waliouliza inakuwaje wasifu wa mtu wa mipango miji unaandikwa na mpima ardhi. Jibu ni rahisi. Wenzake wote pale mipango miji wamefundishwa naye, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuandika kitu ambacho Bi Sekela atakisoma akiwa na kalamu mkononi. Mie sina cha kupoteza. Sie wapima na wao tumetaniana tangu enzi na enzi: wao wanakaa ofisini wanachora ndoto, sie ndio tunaokwenda juani kuipima hiyo ndoto na kukuta katikati yake pana choo cha mtu. Nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili na nimemtania yote ishirini na miwili. Leo nitamtania kidogo na kumsifu sana, avumilie.

Bi Sekela ni mzaliwa wa Tukuyu, kule Rungwe, ambako mvua haijui likizo na migomba inachungulia dirishani. Alisoma Chuo cha Ardhi, akapangiwa kwetu, na tarehe 2 Julai 1990 akaripoti kazini akiwa amevaa sweta la sufu. Mama yake alikuwa amelifuma maalumu kwa ajili ya kazi ya serikali. Wazee wa masjala wanasimulia kwamba alilivaa wiki nzima, jasho linamtiririka, kwa sababu alikuwa amemwahidi mama kwamba atalivaa kazini na hakupewa ruhusa ya kulivua. Jumatatu iliyofuata alikuja bila sweta, na barua ya kwanza aliyoandika akiwa mtumishi wa umma ilikwenda Tukuyu kuomba radhi.

Kazi yake ya kwanza ya nje ilikuwa Kurasini, kuhesabu malori yanayoegeshwa mitaani kusubiri zamu ya bandarini. Alisimama juani siku nne na daftari lake. Siku ya tano madereva walimwonea huruma, wakamletea kiti, kisha wakaanza kumhesabia wenyewe: lile limelala hapa tangu juzi, lile linakwenda Zambia, lile bovu, usilihesabu. Ripoti yake ikawa nzuri kuliko zote za mwaka ule. Tangu hapo akaamini kwamba mwenye eneo ndiye anayelijua, na kwamba ukimpa kiti na muda atakwambia. Imani hiyo ameisahau mara moja tu, na habari ya mara hiyo moja ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Kwanza nimalize mambo mepesi. Kompyuta zilipoingia idarani mwaka 2004, Bi Sekela alizigomea mwezi mzima akisema mchoro usiopakwa rangi kwa mkono hauingii akilini. Mwezi wa pili alijifunza. Mwezi wa tatu alikuwa anatufundisha sie, na anayebonyeza ovyo alichapwa mkononi kwa rula. Kwenye mikutano ya wananchi hakukaa meza kuu hata siku moja. Alikaa benchi la nyuma kabisa, kati ya akina mama, kwa madai kwamba mbele unamsikia mwenyekiti tu na nyuma ndiko mkutano wenyewe unakofanyika. Siku moja mgeni wa heshima alimtafuta ukumbi mzima ili amtambulishe, akamkuta amempakata mtoto wa mtu anayenyonyesha pacha wake. Chakula chake cha mchana ni ndizi za kuchemsha kutoka nyumbani kwake Mabibo, na katika miaka yote hiyo sijawahi kusikia kwamba alimgawia mtu zaidi ya moja.

Sasa Mitondooni.

Kwa wasiopajua, Mtaa wa Mitondooni uko pembezoni kabisa mwa eneo letu, kusini, ambako lami inaisha na bodaboda wanaongeza nauli. Katikati ya mtaa huo lipo pori la ekari kama tisini. Si pori la kutisha. Ni vichaka, miti ya pwani, mikwaju, na mibungo iliyotambaa juu ya kila kitu. Mna chemchemi, komba, nyuki, na ndege ambao mie siwajui majina. Mwaka 2012 idara ilianza kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa mtaa ule, na mchoraji alikuwa Bi Sekela.

Alikwenda kulikagua mwezi Septemba, kiangazi kimekomaa. Dereva ana haraka, robo ya mwaka inaisha, ripoti inadaiwa. Pori lilikuwa limepukutika majani, la kahawia, limejaa vumbi na miiba. Mtu aliyezaliwa Tukuyu, ambako neno msitu maana yake ni giza la majani na maji yanayodondoka, alisimama pembeni mwa barabara, akatazama ile miti iliyokauka, akaona si kitu. Hakuingia wala hakumuuliza mtu. Alirudi kwenye gari.

Kwenye michoro yetu kila matumizi yana rangi yake. Nyumba zina yake, maduka yana yake, shule na zahanati vilevile, na mapori pamoja na viwanja vya wazi hupakwa kijani. Mahali pasipopakwa rangi maana yake hapajaamuliwa, na mtu yeyote anaruhusiwa kupendekeza. Bi Sekela aliliacha pori la Mitondooni jeupe, akiwa na nia ya kurudi kulitazama vizuri. Hakurudi. Na ofisini kwetu, kama mnavyotujua, weupe haukai. Mwezi wa Januari mapendekezo yalikuwa yamekwisha kuingia: viwanja 214 vya makazi na kipande cha yadi ya makontena, maana Kurasini kulikuwa kumejaa na wenye makontena walikuwa wanatafuta pa kupumulia. Rasimu ikachapwa, viwanja vikiwa mistari tu juu ya weupe uleule, ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa mwanzoni mwa Machi 2013, na wananchi wakapewa siku thelathini kutoa maoni na mapingamizi yao.

Mkutano wa kupokea maoni ulifanyika Ijumaa ya tarehe 15. Mie nilikuwepo, nimeshika ncha moja ya ramani. Masika yalikuwa yameanza wiki ile, na pori lilikuwa limebadilika kabisa. Kijani kitupu, vyura wanapiga kelele mpaka mwenyekiti anaomba utulivu. Nilimwona Bi Sekela akiligeukia mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Alikuwa benchi la nyuma kama kawaida yake.

Akasimama mama mmoja, Rosalia, anayeuza juisi ya mabungo pale kituo cha bodaboda. Akaja mbele taratibu, akaweka kidole kwenye ramani. "Samahani, dada zangu na kaka zangu wa halmashauri. Hapa peupe ni wapi? Maana njia ya kutoka kwangu inapita hapa, na mie jana tu nimetoka humo na ndoo mbili."

Jamani, sie watumishi tuna jibu la swali kama hilo. Tunasema tumelipokea na tutalifanyia kazi. Nilikuwa nimekwisha lifungulia mdomo. Bi Sekela akawahi kusimama kule nyuma, akasema, "Hapo ni porini kwenu. Nimepaacha peupe mie. Nilikuja kiangazi, sikuingia, sikuuliza. Kosa ni langu peke yangu, na wenzangu hawa walifuata nilichochora." Kisha akakaa.

Jumatatu aliitwa na mkuu wetu wa idara wa wakati ule, mtu mwema tu, ambaye kwa kweli alitaka kumwokoa. Alimpa barua ya kujieleza. Akamweleza kwamba waombaji wa viwanja wamekwisha jitokeza, kwa hiyo rasimu haiwezi kubadilishwa kwa neno la ofisa. Itabadilishwa na mapingamizi ya wakazi wenyewe, ya maandishi, yenye sababu, ndani ya siku zilizobaki. Ofisa haruhusiwi kuipinga rasimu ya ofisi yake. Halafu akamwambia la mwisho akiwa ameinamia meza: Bi Sekela akitulia, ile barua itaishia kwenye droo na hakuna atakayeikumbuka. Akiendelea kulivalia njuga jambo hili, itabidi ipelekwe kwenye kamati ya nidhamu, na kazi yenyewe inaweza kuondoka.

Lazima niseme hali yake ilikuwaje ili mwelewe uzito wake. Mumewe alikuwa anaumwa mwaka wa pili, watoto wawili wako shuleni, nyumba nzima imeegemea mshahara wake mmoja. Na kimya kilikuwa rahisi sana. Viwanja vingegawiwa, nyumba zingejengwa, na baada ya miaka mitano hakuna ambaye angeuliza habari ya weupe wa ramani.

Majibu yake ya barua niliyaona, yalikuwa na mistari mitatu. Alisema alifika Septemba akaliona pori limekauka, akalihesabu si kitu, na alikosea. Akaweka sahihi. Jioni ile akanifuata akaniomba nimsindikize Mitondooni Jumamosi, nije na vifaa vyangu vya kupimia. Siku zilizobaki zilikuwa na Jumamosi mbili tu, ya tarehe 23 na ya tarehe 30. Hiyo ya pili ilikuwa siku moja kabla ya Pasaka, na alikosa mazoezi ya mwisho ya kwaya, jambo ambalo mwalimu wa kwaya hakulisamehe mpaka Pentekoste.

Kazi aliyojipa ilikuwa kuwafundisha watu kuandika pingamizi, bila kuwaambia waandike nini. Aliomba meza kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Bakari, akaketi nje ya ofisi na fomu zake. Watu walijaa. Asubuhi ya tarehe 23 zilikuja fomu sitini na tatu, na tulipozisoma, zinazohusu pori zilikuwa nne. Nyingine zilidai maji. Nyingine zililalamikia mbuzi wa jirani. Mtu mmoja alipinga harusi ya dada yake. Nikacheka, na mie ni mtu wa kucheka. Bi Sekela hakucheka. Alikuwa ameelewa kitu ambacho sie hatukukiona: watu wa Mitondooni walikuwa wanalionea aibu pori lao. Miaka yote wameambiwa pori ni ushamba, maendeleo ni bati. Nani aandike kwenye fomu ya serikali kwamba anataka kubaki na vichaka?

Na Mzee Bakari mwenyewe alikuwa upande wa viwanja. Alimwambia bila kumung'unya maneno. "Mama, we unaliona zuri kwa sababu hulali hapa. Kule upande wa bondeni wanajificha vibaka na watu wanamwaga taka. Na sie hatuna zahanati, mjamzito anapandishwa bodaboda. Halafu nitetee nyoka?" Bi Sekela alimwambia tu, "Shikamoo tena, baba. Nionyeshe huko bondeni."

Hapo ndipo alipobuni utaratibu wake. Aliweka fomu kando, akachukua ramani na penseli moja ya kijani, akawaambia watu: atakayeingia naye porini na kumwonyesha kwa mguu anachofanya humo, hapo atapapaka kijani. Pasipo na mtu wa kupaonyesha, patabaki peupe. Rosalia alikuwa wa kwanza. Akatupeleka mibungoni, kumbe ana mibungo yake anayoijua mmoja mmoja, huu mtamu, huu mchachu wa kuchanganyia. Mie napima, Bi Sekela anapaka. Wakafuata wenye mizinga ya nyuki, wanaokata ukindu wa mikeka, bibi wawili wa dawa ambao walitutaka tugeuke nyuma kwanza, wazee walioonyesha mahali pao pa tambiko kwa mbali bila kutufikisha, walimu wanaopitisha watoto humo kukwepa barabara ya malori. Tulitembea mpaka viatu vyangu vikafungua mdomo. Na kila aliyetoka porini alikwenda mwenyewe kuomba fomu, kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kuandika.

Jumamosi ile ya kwanza, mchana, nilimwambia waziwazi aache. Nilimwambia dada, umeshakiri, umeshafanya ya kutosha, una mgonjwa nyumbani, kamati ya nidhamu si mchezo. Alikuwa ameketi kwenye kisiki anang'oa miba kwenye soksi. Akanijibu, "Brightson, we ukikosea bikoni ya mpaka unaing'oa unaihamisha. Hili likishajengwa mie sina pa kulihamishia." Nikaokota tepu yangu tukaendelea.

Bondeni alikokusema Mzee Bakari tulikwenda mwisho. Alikuwa amesema kweli. Palikuwa pachafu, pananuka, na kati ya wakazi wote hakutokea hata mmoja wa kusema anafanya kitu pale. Ekari sita. Bi Sekela alipaacha peupe mbele ya macho ya mzee, kama alivyoahidi, kisha akamkabidhi penseli na kumuuliza yeye angependa pawe nini. Mzee Bakari aliipokea. Akasema zahanati, na taa barabarani. Akaandika fomu yake siku hiyohiyo, akitetea pori ekari themanini na nne na kuomba zahanati kwenye zile sita, na kesho yake alipita nyumba kwa nyumba akihimiza watu.

Fomu ninayoipenda kuliko zote ni ya Bwana Haiderali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale njia panda. Huyu nyumba 214 zingemtajirisha, kila mmoja alijua, na Jumamosi ya pili alipokuja amevaa miwani yake na kalamu yake mwenyewe tulidhani anakuja kuunga mkono viwanja. Aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba duka lake liko chini ya mteremko, kwamba maji yote ya mvua yanaishia porini, na kwamba siku pori likiondoka maji hayo yatakuja dukani kwake kununua saruji yote kwa mara moja. Mkuu wetu alipoisoma alicheka mpaka akavua miwani.

Siku ya mwisho ya kupokea yalikuwa yamefika mapingamizi 318 yanayohusu pori, kila moja na alama yake kwenye ramani. Kamati ya madiwani ilikaa Mei. Bi Sekela aliitwa kueleza, akaeleza, akaulizwa na diwani mmoja kama haoni aibu kuleta watu waipinge kazi yake mwenyewe. Alijibu kwamba aibu anayo, na ndiyo sababu amewaleta. Mpango ulipitishwa na marekebisho: pori la Mitondooni ekari themanini na nne likapakwa kijani kuwa hifadhi ya mtaa chini ya sheria ndogo zitakazosimamiwa na wakazi, zahanati ikapewa bondeni, na wenye makontena wakatafutiwa pengine.

Na yeye akapewa alichoahidiwa. Kamati ya nidhamu haikumfukuza, ila ilimpa onyo la maandishi, na cheo alichokuwa anakisubiri kikachelewa miaka minne. Niliumia kuliko yeye. Alikwenda kazini siku iliyofuata na ndizi zake, akaniuliza kama nimeshashona viatu.

Kutokana na Mitondooni idara yetu ina kanuni ambayo wageni wanaishangaa: hakuna eneo linalopakwa rangi, wala kuachwa bila rangi, mpaka mchoraji awe amelikanyaga mara mbili, kiangazi na masika, pamoja na mkazi. Kijana wetu Lusungu alipoajiriwa alilalamika kwamba inachelewesha kazi. Bi Sekela alimtolea nakala ya onyo lake, akampa aisome, akamwambia hicho ndicho kitabu cha kwanza. Lusungu sasa ana viatu vya mvua vyake mwenyewe. Kwa utaratibu huo Bi Sekela amesimamia mipango ya mitaa kumi na moja, na katika kila mmoja kuna kipande cha kijani ambacho wakazi wanajua kwa nini ni cha kijani. Na kile cheo alikipata mwaka 2017, sie tukala pilau, yeye akala ndizi.

Nilidhani habari ya Mitondooni imeishia hapo. Kumbe bado.

Wakazi walipopata taarifa kwamba anastaafu, serikali ya mtaa ilipendekeza pori lipewe jina lake, Hifadhi ya Sekela, na kibao kikachorwa kabisa. Kwa kufuata sheria ndogo, pendekezo likabandikwa ubaoni watu watoe maoni. Jumatatu ya tarehe 18 Agosti, wiki yake ya kwanza akiwa hana kazi, Bi Sekela alipanda gari mpaka Mitondooni, akapanga foleni kama mwananchi mwingine, akaomba fomu ya pingamizi. Miaka thelathini na tano hakuruhusiwa kuandika hata moja. Ofisa mtendaji wa mtaa, binti makini, akaisoma fomu, akamwamkia tena, akamwambia kwa masikitiko kwamba haiwezi kupokelewa. Kwa mujibu wa kifungu cha nne, anayepinga jambo la pori lazima awe kwenye daftari la wakazi, na yeye ni wa Mabibo. Kifungu cha nne alikiandika Bi Sekela mwenyewe. Mtendaji anasema mama alicheka, akasema kifungu kiko sahihi, akaiacha fomu juu ya meza na kwenda zake.

Fomu ilimfikia Mzee Bakari, ambaye bado ni mwenyekiti na sasa anatembea na fimbo. Mkutano mkuu wa mtaa wa Jumamosi ya tarehe 23 ulikuwa na ajenda mbili. Ya kwanza, kama Bi Sekela ni mkazi wa Mitondooni au siye. Nilikwenda, kwa hiyo nayasema niliyoyaona. Rosalia alisimama akasema mtu aliyechomwa na miba ya pori hili kila mwaka, kiangazi na masika, kwa miaka kumi na miwili, kama si mkazi basi na yeye afutwe. Mikono ikanyooshwa, yote. Akaandikwa kwenye daftari, namba 1,147. Ajenda ya pili ikawa pingamizi lake, na Mzee Bakari alilisoma kwa sauti. Chini ya neno "sababu" alikuwa ameandika hivi: "Mtoto atakayekisoma kibao atadhani mie ndiye niliyelileta pori hili. Mie nililifuta. Waliolirudisha ni watu 318, na kibao hakiwatoshi."

Mzee Bakari alijifuta macho kwa pembe ya kanzu bila kujificha. Mkutano ukalikubali pingamizi. Pori la Mitondooni litaitwa Pori la Mitondooni.

Kwenye daftari lile kila mkazi ana safu ya mwisho inayouliza analitumiaje pori. Rosalia ameandika mabungo, wengine nyuki, wengine ukindu. Baada ya mkutano Bi Sekela alipelekewa daftari nyumbani Mabibo ajaze mwenyewe. Akaandika: kutembea.

Dada Sekela, idara inakushukuru kwa kazi na kwa ukali wako. Mie nakushukuru kwa Jumamosi zile mbili, ambazo nilizilalamikia sana na ndizo ninazojivunia kuliko zote nilizofanya kazi. Ofisi itakuwa pweke, na hilo nalisema bila utani. Tunakuombea siku nyingi, afya, na magoti imara, maana shughuli uliyojiandikia inayahitaji. Kwa heri ya kazi, mkazi namba 1,147, na maisha yako yawe mema kiangazi na masika.

Brightson Mbwambo
Kitengo cha Upimaji